Bwawa la Dodoma na Bahari Isiyo na Ukuta

Vijana wangu mnaofundisha kuogelea siku hizi, swali lenu nimelipata. Mnataka kuwapeleka wanafunzi pwani, na mnaniuliza kipi bora: bwawa la ndani la hoteli au bahari yenyewe. Mmeuliza kwa adabu, mkaanza na shikamoo, mkamalizia na picha tatu za hoteli ambayo tayari mmeweka nafasi. Marahaba. Huo ndio ushauri ninaoupenda, ule unaoombwa baada ya uamuzi.

Nitawajibu hata hivyo, kwa sababu nimestaafu na mchana wa mtaani kwetu Nkuhungu ni mrefu. Nimefundisha watu kuogelea Dodoma kwa zaidi ya miaka ishirini, katika mkoa ambao mvua huja kama mgeni rasmi: inachelewa, inahutubia kidogo, inaondoka na vumbi lake. Bwawa letu lilikuwa la ndani, chini ya paa la bati, nyuma ya nyumba ya wageni ya meneja mmoja mwenye matumaini makubwa. Ukutani aliandikisha kwa rangi ya bluu: MAFUNZO YA KUOGELEA, BWAWA NA BAHARI. Nilipomuuliza bahari iko wapi, alinijibu kwamba mimi nifundishe tu, mambo mengine ni ya utawala.

Basi nikaifundisha bahari. Niliifundisha kwa miaka yote hiyo bila kuiona. Hakuna mwanafunzi aliyelalamika, maana nao hawakuwa wameiona.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Ramadhani, mtunza bwawa, mzaliwa wa mjini. Babu zake walikuwa Wanyamwezi waliopita na misafara ya biashara, wakapumzika Dodoma, na hadi leo wanapumzika. Kwa hiyo alikuwa mtani wangu mimi Mgogo, na alilitumia vizuri jambo hilo. Kila asubuhi alitupa kifuniko cha soda kwenye kina kirefu, akasimama ukingoni akichungulia. Akikiona, bwawa linafunguliwa. Asipokiona, hata aje mheshimiwa na taulo lake begani, haingii mtu. Meneja alikuwa na kipimo cha kisasa kilichoagizwa kutoka mbali, kikiwa ndani ya boksi lake, salama kabisa dhidi ya maji.

Mwezi wangu wa kwanza nilichukua ndoo yenye unga wa klorini nikaumiminia maji juu yake, kama anayekoroga uji. Ndoo ikafoka, ikatoa moshi, nikatoka nje nalia macho mawili. Mzee Ramadhani hakunigombeza. Aliniosha uso, akaniambia dawa ndiyo hutiwa ndani ya maji, maji hayatiwi ndani ya dawa, kisha kwa wiki nzima kila aliyepita mlangoni alisimuliwa kwamba Mgogo ameyaona maji akashindwa kujizuia, akataka hata dawa ioge. Yeye pia ndiye aliyeniambia kwamba bwawa linalonuka klorini kali si safi bali limechoka. Klorini hunuka hivyo ikishakutana na jasho na mikojo ya wastaarabu. Andikeni hilo mahali. Kwenye hoteli mliyoichagua litawasaidia.

Lakini jambo kubwa aliloligundua mzee yule lilihusu miguu yetu. Sisi watu wa huku tumekulia kwenye malambo, maji ambayo ng'ombe anakunywa na mama anachota. Mtoto akiruka ndani akayatibua, anachapwa na mama yake, kisha na mama wa jirani, ili haki itendeke. Mtoto huyo akikua ukamwingiza bwawani, hapigi maji. Anaingia kidole baada ya kidole kama anayeingia kanisani amechelewa, na miguu anaichezesha kimya kimya.

"Mnaogelea kama mnaiba," aliniambia. "Piga miguu, mtani. Maji haya hata mwenyewe hayanywi."

Nilipoanza kufundisha, nilikuta nusu ya kazi yangu ni hiyo: kuwaruhusu watu wazima kumwaga maji. Na hapo ndipo anapoingia Sesilia.

Sesilia alikuwa muuguzi kutoka vijiji vya Haneti, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, asiyependa maneno mengi. Mume wake alikuwa mwalimu aliyepangiwa shule katika kisiwa kimoja cha kusini. Miaka minne walikuwa wakionana likizo mbili kwa mwaka, na mtoto wao alimwita baba yake mjomba, kwa sababu wageni wa kiume wanaoleta biskuti kwake wote walikuwa wajomba. Sesilia aliomba uhamisho kila mwaka. Kila mwaka aliambiwa ombi linafanyiwa kazi. Hatimaye ikapatikana nafasi moja ya muuguzi kwenye zahanati ya kisiwa hicho, na sharti lake: muuguzi huyo ndiye atakayewasindikiza wagonjwa kwa boti kuja nchi kavu, kwa hiyo lazima ajue kuogelea. Atapimwa baharini, kutoka kwenye boti hadi ufukweni, mita mia moja. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Alikuwa na miezi miwili. "Ikipita hii, Mwalimu Esta," aliniambia, "nyingine itakuja mume wangu amestaafu."

Nikamwanzisha. Siku ya kwanza, alipotoka majini, nilimwona amesimama ukingoni anakamua fulana yake kwa uangalifu ndani ya bwawa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anarudisha. Mzee Ramadhani alilazimika kwenda kukaa nje.

Hata hivyo alijifunza. Bwawa letu lilikuwa na mita ishirini, na mimi, kwa akili zangu za kitaalamu, nilimfanyia hesabu: mita mia ni kuta tano. Ogelea, gusa ukuta, vuta pumzi, geuka. Kuta tano na uko kwa mumeo. Kufikia mwisho wa miezi miwili alikwenda kuta sita bila shida, miguu yake ikiwa bado haitoi sauti. Nikamwona amekamilika. Nikamwambia meneja kwamba nitamsindikiza pwani siku tatu kabla ya mtihani, ili azoee mazingira. Sikumwambia kwamba mazingira hayo hata mimi sikuyajua. Nadhani alihisi, alitabasamu kama mtu ambaye tangazo lake la ukutani limetimia.

Tulipanda treni ya umeme, tukalala Dar es Salaam, asubuhi basi la kusini. Sesilia alibeba maisha yake yote kwenye begi moja, mtoto akamwacha kwa bibi yake kwa muda. Nilikuwa nimemshauri begi aliache nyumbani hadi matokeo yajulikane. Akanijibu kwamba akifeli atalibeba kurudi nalo, mikono si yake?

Sasa jibu la swali lenu. Nitalitoa kama nilivyoona kwa macho, hatua kwa hatua.

Tulianza na bwawa la ndani la hoteli, kwa sababu nilitaka kitu chenye kuta. Binti wa mapokezi alitutazama kuanzia viatu kwenda juu, akatueleza kwamba haruhusiwi mtu kuogelea na fulana. Linahitajika vazi maalumu. Sesilia alilitazama vazi lenyewe lililoning'inizwa dukani kwao, akasema huko kwao hilo ni kitambaa cha kujaribia rangi. Tukakubaliana avae fulana mpya, kana kwamba upya ndio uliokosekana. Ndani kulikuwa kuzuri. Vigae vinang'aa, kioo kikubwa kinachoonyesha bahari, na maji ya moto kama uji wa mgonjwa. Kina kirefu kabisa kilimfika kifuani. Kulikuwa na ubao wa makatazo: usikimbie, usiruke, usipige kelele, usimwage maji. Hilo la mwisho Sesilia alilitii kuliko mgeni yeyote aliyewahi kuingia pale. Harufu ilinichoma pua nikamkumbuka Mzee Ramadhani. Mlinzi wa majini alikuwa na filimbi shingoni na simu mkononi, na katika saa nzima alichookoa ni chaji.

Kwa hiyo bwawa la ndani la hoteli lina faida yake. Linafaa kwa mtu anayejifunza kupumua, kwa mtoto, na kwa anayetaka kuiona bahari bila kuguswa nayo. Kwa aliye na mtihani wa baharini, ni sawa na kujifunza kukamua ng'ombe wa kwenye picha.

Jioni tulikwenda ufukwe wa mjini ule wa wananchi wote. Muziki, mishikaki, na watu wengi wamesimama majini hadi kiunoni. Niliwatazama kwa nusu saa nikitafuta mwogeleaji hata mmoja ili niandike mbinu zake. Hakuna aliyeogelea. Walikuwa wanasimama. Walikuwa wametoka mbali kuja kusimama. Ufukwe wa namna hiyo unafaa kwa kufurahi, na mimi sina ugomvi na furaha.

Siku ya pili tukaenda kijijini penyewe, ambako mtihani ungefanyika. Tulifika saa nne asubuhi. Bahari ilikuwa mbali, tulivu, imetulia kama lambo. Nikafurahi. Nikafanya kama nilivyofundishwa: kwanza pima kina. Nilichukua mti, nikaingia na viatu, nikapima, nikaweka alama. Hapa magoti. Hapa kiuno. Hapa kifua, mwisho. Nikachomeka vijiti vitano kwa mstari ulionyooka, nikafunga kamba nyekundu tuliyokuja nayo kutoka Dodoma, ile ya kuonyesha mwanzo wa kina kirefu. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Bahari sasa ilikuwa na utaratibu.

Pembeni walikuwako wanawake wa kijiji, wameinama majini wanafunga mwani kwenye kamba zao. Mmoja, mtu mzima aliyeitwa Bi Pili, alisimama muda wote akinitazama bila kusema kitu. Nilidhani anajifunza.

Tukaenda kula. Tuliporudi saa tisa, hapakuwa na kijiti, hapakuwa na kamba, hapakuwa hata na ule mchanga tuliokuwa tumeutembea. Maji yalikuwa miguuni mwa minazi. Bi Pili alikuwa amekaa kivulini anatenganisha mbegu za mwani, na safari hii alisema.

"Mwalimu, pole. Uliikatia nguo bahari kabla haijamaliza kukua."

Wenzake wakacheka hadi mbegu zikawaponyoka. Akanieleza, taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni mlango ulipo, kwamba bahari hupwa na kujaa, mara mbili kwa siku, na kwamba siku zile zilikuwa za bamvua, inapokwenda mbali kabisa na kurudi juu kabisa. Mtoto wa miaka mitatu wa pale alikuwa analijua hilo. Mimi nilikuwa na vyeti viwili.

Sesilia hakucheka. Alikuwa anatazama maji. Akaniuliza kama aingie, nikamwambia aingie, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kama mtaalamu na bado sikujua namna ya kuuacha utaalamu. Akaogelea sambamba na ufukwe, vizuri, kimya, kama nyumbani. Kisha, karibu mita ishirini hivi, mikono yake yote miwili ikanyooka mbele kugusa ukuta.

Hapakuwa na ukuta. Akazama, akaibuka, akameza, akazama. Nami, vijana wangu, niliyefundisha uokoaji kwa miaka ishirini, nilifanya kile mikono yangu ilichozoea. Nilipuliza filimbi. Bahari haikusimama.

"Simama, mwanangu!" Bi Pili alipaza sauti. "Miguu si unayo?"

Sesilia akasimama. Maji yalimfika kifuani. Nilikuwa tayari nimeingia na viatu vyangu vya pili, vya mwisho, nikamkuta anatapika chumvi na kulia. Kulia huko hakukuwa kwa ajili ya kuzama. Aliniambia kwamba kule kwenye boti hatakuwa na pa kusimama, na hakutakuwa na ukuta, na mimi nilimhesabia kuta tano. Ilikuwa kweli: nilikuwa nimemfundisha kwenda mita ishirini, mara tano.

Aliyemfundisha bahari katika siku moja iliyobaki ni Bi Pili, kutoka kivulini, bila kuinuka. Alimwambia akichoka asitafute pa kushika, alale chali, maji ya chumvi yanabeba kuliko ya bombani. Alimwambia mkondo ukimchukua asishindane nao, aende nao huku anakata upande wa nchi kavu kidogo kidogo. Kisha akatazama miguu yake.

"Huyu mbona anapiga maji kama anaogopa kuyaamsha?"

Nikamweleza kwetu maji ni haba. Bi Pili alifikiri kidogo, akaitazama bahari yote kuanzia huku hadi kule.

"Haya hayaishi, mama. Piga."

Na Sesilia akapiga. Akapiga mpaka wanawake wakahamisha mbegu zao zisilowe. Miezi miwili nilimwomba jambo hilo kwa nadharia, na alichohitaji ni kuona maji mengi kiasi cha kutosha. Nilipomshukuru Bi Pili nikamuuliza yeye alijifunza kuogelea akiwa na umri gani, alinishangaa. Yeye haogelei. Yeye analima. Anaingia maji yakitoka, anatoka maji yakiingia, ana haraka gani?

Siku ya mtihani, barua ilisema saa nne kamili asubuhi. Afisa msimamizi alifika saa nne kamili, na fomu yake, na bendera ndogo ya kuchomeka ufukweni mahali pa kufikia. Bahari haikuwa imepata nakala ya barua. Ilikuwa imepwa hadi upeo wa macho, na boti ya kisiwani ilikuwa imelala ubavu mbali huko kwenye matope. Afisa aliuliza kama kuna mtu wa kuwasiliana naye kuhusu hali hiyo. Tukangoja hadi saa nane na nusu. Ndipo maji yakaja, boti ikainuka, nahodha akamchukua Sesilia pamoja na afisa, aliyevaa jaketi la kuokolea, na juu yake jingine.

Mimi nilibaki ufukweni na begi. Nilimwona akiruka. Alianza vizuri, miguu ikirusha maji nikasikia hadi huku. Nusu ya njia akaanza kwenda pembeni. Mkondo ulikuwa unamvuta kusini, mbali na bendera, na nilijua anajua, kwa sababu aligeuza kichwa mara moja kutazama. Kisha akaacha kuogelea. Akalala chali. Nikaona uso wake tu juu ya maji, unaelea kwenda zake kama kibuyu. Sikupuliza filimbi. Niliiweka mdomoni, lakini sikuipuliza.

Bi Pili alikuwa amesimama kando yangu. "Muache," alisema. "Anapumzika."

Akageuka, akaanza tena, akikata upande. Bendera ikabaki nyuma. Akapita minazi, akapita boti zilizoanikwa, akatokea mbali kwenye vichanja vya kukaushia mwani, akatembea kutoka majini kwa miguu yake mwenyewe, akaketi mchangani. Hizo hazikuwa mita mia. Mimi nahesabu kwa macho: zilikaribia mia mbili.

Boti ilipofika karibu, afisa alishuka akiwa ameshika fomu juu asiiloweshe. Alisema, kwa masikitiko ya kiofisi, kwamba fomu inasema kutoka kwenye boti hadi kwenye bendera. Mtahiniwa hakufika kwenye bendera. Yeye angependa sana, lakini fomu ni fomu. Sesilia alikuwa amefika akitweta, alisikia yote. Aliliendea begi lake akalishika mpini, kama alivyoahidi, kulibeba kurudi nalo.

Nilianza kuongea, na ninashukuru hakuna aliyenisikiliza, maana nahodha naye alikuwa ameanza. Alikuwa mzee mfupi, miguu ndani ya maji, mkono mmoja kwenye boti yake.

"Bwana afisa. Mimi boti hii ikipinduka na mgonjwa ndani, bendera itakuwa imechomekwa wapi?"

Afisa akasema hilo ni suala jingine.

"Ndilo hilo hilo. Nataka mtu anayefika. Huyu amefika. Ukinipa wa kufika kwenye bendera tu, utakuja umsindikize wewe, na hayo majaketi yako."

Wanawake wa mwani wakaguna kwa pamoja. Afisa akaitazama fomu, akaitazama boti ambayo angelazimika kuipanda tena kila kisiwa kikikosa muuguzi. Akatafuta mahali pakavu pa kuandikia. Palikuwa mgongoni mwangu. Akasaini.

Ningependa kuwaambia tuliagana vizuri. Nahodha alisema maji yako juu sasa na hayatamngoja mtu, anayekwenda kisiwani apande. Sesilia akapanda na fulana yake iliyolowa, begi likarushwa nyuma yake. Alitaka kuniambia kitu, injini ikawaka, nikaona mdomo tu unacheza. Nikapunga mkono kwa adabu kama niliyeelewa.

Kwa hiyo, vijana, pelekeni wanafunzi wenu kwenye bwawa la hoteli siku moja, wajue raha. Halafu tafuteni kijiji chenye watu wanaofanya kazi majini, mfike mapema, mkae chini, mnyamaze. Kamba nyekundu acheni Dodoma.

Nilikuwa kwenye basi la kurudi, viatu mkononi, simu ilipolia ujumbe. Sesilia aliandika: "Nimefika, Mwalimu. Mume wangu ananiuliza mbona nimelowa."